Kazi ya Sera ya Elimu Serikalini: Mwongozo Kamili, Kuanzia Maombi ya Ajira Hadi Waraka wa Baraza la Mawaziri

Wiki ya tatu kazini nilipewa kazi iliyoonekana nyepesi: dokezo la ukurasa mmoja kuhusu utoro wa wanafunzi. Nikaandika kurasa nne. Nikaweka historia, nikaweka maana ya utoro, nikafunga kwa "ni vyema wadau wote washirikiane". Jalada lilirudi mchana huohuo. Mkurugenzi alikuwa amepiga mstari mwekundu chini ya sentensi ile ya mwisho, na pembeni ameandika maneno manane: "Nani afanye nini, lini, kwa fedha ya nani?"

Kila kitu nitakachokueleza hapa kinarudi kwenye maneno hayo manane. Mtu wa sera ya elimu haandiki ili aonekane msomi. Anaandika ili siku moja mwalimu mkuu wa shule iliyo mwisho wa barabara ya vumbi apokee karatasi, aisome mara moja, na ajue Jumatatu asubuhi anafanya nini.

Mwongozo huu ni wa Tanzania Bara. Zanzibar wana wizara yao na mfumo wao wa elimu ya msingi na sekondari, kwa kuwa mambo hayo si ya Muungano. Elimu ya juu na Baraza la Mitihani ndivyo vinavyovuka bahari.

Hatua ya kwanza: ijue nyumba kabla ya kubisha hodi

Vijana wengi wanaotaka kazi hii hudhani elimu yote iko Wizara ya Elimu. Sivyo. Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia inatunga sera, inasimamia mitaala na inathibiti ubora. Shule za msingi na sekondari za serikali zenyewe zinaendeshwa na halmashauri, na halmashauri ziko chini ya TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Nidhamu na maendeleo ya walimu yako Tume ya Utumishi wa Walimu. Mitaala inaandikwa na Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), mitihani inatungwa na Baraza la Mitihani (NECTA), vyuo vya ufundi vinasimamiwa na NACTVET, vyuo vikuu na TCU.

Maana yake ni nini kwako? Unaandika maelekezo kwa watu wasio chini yako. Mkurugenzi wa halmashauri hawajibiki kwa katibu mkuu wako. Karatasi yako ikitoka Mtumba, Mji wa Serikali pale Dodoma, itapita TAMISEMI, ishuke kwa katibu tawala wa mkoa, kwa mkurugenzi wa halmashauri, kwa afisa elimu wa wilaya, kwa afisa elimu kata, ndipo imfikie mwalimu mkuu. Mikono sita, na kila mkono unaweza kuongeza neno au kupunguza. Nimewahi kuona maelekezo ya aya tatu yakifika shuleni kama ujumbe wa WhatsApp wa mstari mmoja, tena uliokuwa na kosa. Ndiyo sababu watu wazoefu huandika sentensi fupi. Sentensi fupi inavunjika kwa shida.

Hatua ya pili: chagua mlango

Mara nyingi tangazo la ajira halisemi "afisa sera". Linasema mchumi, mtakwimu, afisa elimu, afisa sheria. Ukishaingia, idara ya sera na mipango inakuwa na mchanganyiko wa hao wote, na tofauti zenu huonekana mezani: mchumi anauliza gharama, mtakwimu anauliza namba imetoka wapi, mwanasheria anauliza mamlaka ya kutoa agizo hilo ni ya nani, na mwalimu anauliza kama chumba kipo.

Mlango mrefu kuliko yote ni wa ualimu. Unaanza darasani, unakuwa mwalimu wa taaluma, mwalimu mkuu au mkuu wa shule, afisa elimu kata, kisha unahamia ofisi ya elimu wilayani. Huko, kama utapata nafasi, omba kukaa na afisa elimu wa vifaa na takwimu. Wenzako watakucheka, maana ni kazi ya kukimbizana na fomu zisizorudi. Lakini hapo ndipo utajua namba za elimu zinavyozaliwa, na ukifika wizarani utawazidi wengi wenye shahada ya uzamili.

Mlango mfupi ni shahada ya uchumi, takwimu, mipango au utawala wa umma. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Dodoma, Mzumbe, Chuo cha Mipango pale Dodoma na Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika vyote vimetoa watu wa kazi hii. Kama una shahada ya ualimu tayari, ADEM Bagamoyo wana mafunzo ya uongozi na usimamizi wa elimu. Ushauri wangu kwa aliyeingia kwa mlango mfupi: jitafutie wiki mbili kwenye shule ya msingi ya kijijini, kwa gharama yako kama ni lazima. Keti nyuma ya darasa la kwanza lenye watoto tisini. Hakuna kozi inayofundisha hilo.

Mlango wa tatu ni wa pembeni, kupitia asasi kama HakiElimu, Twaweza au Mtandao wa Elimu Tanzania. Wengi hujifunza uchambuzi wa bajeti huko kabla ya kuingia serikalini, na wengine hutoka serikalini kwenda huko. Ukija kwa mlango huu, jiandae kwa jambo moja: kwenye asasi ulizoea kuandika kile serikali inachopaswa kufanya. Sasa utaulizwa utakifanyaje.

Hatua ya tatu: maombi na usaili

Nafasi nyingi hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Fungua akaunti kwenye mfumo wao wa maombi mapema, usisubiri tangazo. Namba ya NIDA lazima iwepo. Vyeti viwe vimethibitishwa na mwanasheria, barua ya maombi iwe na saini yako, na usitumie hati ya matokeo badala ya cheti, maana hawapokei. Kama ulisoma nje, vyeti vya sekondari vinahakikiwa na NECTA na vya chuo kikuu na TCU. Umri mwisho miaka 45, isipokuwa kwa aliye tayari ndani ya utumishi. Kama cheti cha kuzaliwa kinasema Mwajuma na cha kidato cha nne kinasema Mwanajuma, shughulikia sasa. Watu wamekosa kazi kwa herufi mbili.

Usaili huanza na mchujo wa kuandika, kisha mahojiano. Aliyefaulu akakosa nafasi huwekwa kwenye kanzidata na anaweza kupangiwa kazi baadaye bila kufanya usaili upya, kwa hiyo usikate simu usizozijua.

Kwenye mahojiano, kinachowaangusha wengi ni kusema kwa jumla. Soma vitu vitatu tu, lakini uvisome kweli: Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 Toleo la 2023, Sheria ya Elimu Sura ya 353, na hotuba ya bajeti ya wizara ya mwaka wa fedha uliopo. Ukiulizwa changamoto za elimu, chagua moja, itaje kwa namba, useme ungeanza na nini. Anayetaja changamoto kumi na mbili amejibu swali la mtihani. Anayetaja moja na gharama yake amejibu kama mtu wa ofisini.

Hatua ya nne: mwaka wa majaribio

Miezi 12 ya kwanza unapimwa. Kuthibitishwa kazini si jambo la kujiendea lenyewe, fuatilia barua yako. Jaza mpango kazi wako kwenye PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi uliochukua nafasi ya OPRAS, na uweke mambo unayoweza kuyaonyesha. "Kushiriki vikao" si kazi inayopimika.

Katika miezi hiyo jifunze jalada. Hata kama ofisi yako inatumia mfumo wa e-Ofisi, mantiki ya jalada ni ileile: kila karatasi ina folio, yaani namba yake ndani ya jalada, kila dokezo linarejea folio, na atakayefungua jalada miaka kumi baadaye ataweza kuona nani alishauri nini na nani aliamua. Jambo lisilo na jalada linaandikiwa dokezo sabili. Ukiwa na mashaka uandike wapi, muulize mtu wa masjala. Mama wa masjala anajua wizara kuliko wakurugenzi watatu ukiwaunganisha, naye ndiye atakayekutafutia folio iliyopotea saa kumi na moja jioni kama ulimsalimia vizuri asubuhi.

Sasa dokezo lenyewe. Hili hapa ni la mfano, namba ni za kubuni:

"YAH: UTORO SIKU ZA MNADA, SHULE 14 ZA KATA TATU. Mahudhurio ya darasa la tano hadi la saba siku ya Alhamisi ni asilimia 61, siku nyingine ni asilimia 84. Alhamisi ni siku ya mnada. Njia zilizopo ni mbili: (a) kuomba halmashauri ihamishe mnada kwenda Jumamosi, bila gharama kwa Wizara, (b) chakula cha mchana siku ya Alhamisi kwa michango ya wazazi, ambacho kata moja imejaribu na mahudhurio yakapanda hadi asilimia 70. Napendekeza (a). Itahitaji barua kwa Katibu Mkuu TAMISEMI kabla ya tarehe 15, baraza la madiwani likae mwishoni mwa mwezi. Naomba kuwasilisha kwa maelekezo."

Hesabu mistari. Kuna tatizo, kuna namba, kuna njia mbili, kuna pendekezo, kuna tarehe, kuna mtu wa kuandikiwa. Hakuna historia ya elimu tangu Mjerumani. Bosi wako akilikubali, anaandika "Nakubali, andaa barua", nawe barua uwe tayari umeiandaa.

(Ile sentensi ya "tafadhali rejea somo tajwa hapo juu" sijui aliianzisha nani. Imezeekea kwenye mafaili yetu na haina kazi, ila ukiiacha kuna mkubwa mmoja atakuuliza iko wapi. Iandike, endelea na maisha.)

Hatua ya tano: fanya urafiki na namba, lakini usiziamini haraka

Hapa ndipo mtu wa sera anapotengana na mtu wa maneno. Chanzo cha kwanza ni takwimu za elimu msingi zinazotolewa kila mwaka, zile tunazoziita BEST. Cha pili ni matokeo ya NECTA. Cha tatu ni Ofisi ya Taifa ya Takwimu: Sensa ya 2022 ilitupa watu 61,741,120, na mgawanyo wa umri wa watu hao ndio unaokuambia darasa la kwanza litakuwa na watoto wangapi mwaka kesho.

Kila namba iulize maswali. Nani aliijaza? Alipata faida gani akiongeza au akipunguza? Ruzuku ya uendeshaji imekuwa ikikokotolewa kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari kwa mwaka. Fedha inayofuata vichwa ina tabia ya kuzaa vichwa. Sisemi walimu wakuu ni waongo, nasema mtoto aliyehama Februari anaweza kubaki kwenye rejesta hadi Novemba, na kwenye shule aliyohamia naye amehesabiwa.

Nikupe hesabu moja ambayo kila mtu wa sera nchini anapaswa kuweza kuifanya kwenye karatasi. Toleo la 2023 la sera limepunguza elimu ya msingi kutoka miaka saba hadi sita, na kuifanya elimu ya lazima kuwa miaka 10, yaani msingi sita na sekondari minne. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa madarasa kadhaa, likiwemo la tatu. Waliokuwa la tatu mwaka 2024 watafika la sita mwaka 2027, na hapo msingi wao umekwisha. Waliokuwa la nne mwaka 2024 wako kwenye utaratibu wa zamani, na 2027 watakuwa la saba. Makundi mawili yanamaliza mwaka mmoja. Januari 2028 yote mawili yanagonga mlango wa kidato cha kwanza.

Tuseme halmashauri yako ina watoto 5,900 kundi moja na 6,200 kundi la pili. Ni watoto 12,100. Ukiweka wanafunzi 40 kwa chumba, unahitaji vyumba 303. Kwa kundi la 5,900 pekee ungehitaji 148. Pengo ni vyumba 155, na hujahesabu meza, maabara wala matundu ya vyoo. Na kwa kuwa elimu hiyo ni ya lazima, huwezi kujificha nyuma ya watakaofeli ili namba ishuke.

Mchambuzi mchanga ataishia hapo na kuomba fedha za vyumba 155. Endelea. Mwaka 2028 shule za msingi hazitakuwa na darasa la saba, kwa hiyo vyumba vitabaki wazi huko. Je, kuna shule za msingi zilizo jirani na sekondari? Je, wimbi hili litapita? Litapita: watakuwa kidato cha pili 2029 na cha nne 2031, nyuma yao linakuja kundi moja moja la kawaida. Kujenga kwa ajili ya wimbi ni tofauti na kujenga kwa ajili ya kudumu. Walimu nao? Mwalimu wa la saba aliyebaki bila darasa hawezi kuamka asubuhi akafundisha fizikia kwa Kiingereza. Ukifika hapo, dokezo lako limeacha kuwa ombi la matofali.

Hatua ya sita: jua uzito wa kila karatasi

Sera ni nia ya serikali. Sheria inapitishwa na Bunge. Kanuni hutungwa na waziri chini ya sheria na kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Waraka wa elimu ni maelekezo ya kiutawala. Mwongozo unaeleza namna ya kufanya. Nimeona watu wenye miaka kumi kazini wakivichanganya hivi.

Historia yetu imejaa mifano. Elimu bila ada hadi kidato cha nne, iliyoanza Januari 2016, ilishuka shuleni kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015. Uandikishaji wa darasa la kwanza ulifurika, na wazazi wengi wakaelewa kwamba hakuna mchango wowote tena. Ikabidi utoke waraka mwingine, Namba 3 wa mwaka 2016, kufafanua nani ana wajibu gani. Neno moja, "bure", lilikuwa limetembea haraka kuliko waraka. Ukiandaa karatasi inayogusa mfuko wa mzazi, andika pia sentensi atakayoisikia redioni, maana hiyo ndiyo atakayoishika.

Mfano wa pili ni mgumu zaidi. Kanuni za mwaka 2002 za kufukuza wanafunzi shuleni zilitaja makosa ya maadili na kuoa au kuolewa, na kwa miaka mingi zilitumika kuwaondoa wasichana wajawazito. Mwaka 2021 serikali ikatoa Waraka wa Elimu Namba 2 kuwarejesha shuleni waliokatiza masomo, wakiwemo waliojifungua. Ulikuwa mlango uliofunguliwa kwa haraka, na kwa binti aliyekuwa nyumbani na mtoto mgongoni haraka hiyo ilikuwa na maana kubwa. Lakini ulikuwa waraka, na kanuni zilikuwa bado kitabuni. Waraka unatolewa kwa wiki moja na unaweza kufutwa kwa wiki moja. Kanuni inachukua miezi, lakini inamlinda mtoto hata mkubwa wa ofisi akibadilika. Kila unapoombwa "andaa waraka tu", jiulize kama jambo hilo linahitaji kudumu kuliko kiongozi aliyeliagiza, na kama jibu ni ndiyo, mtafute afisa sheria kabla ya kufungua kompyuta.

Hatua ya saba: kalenda

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Pendekezo zuri linaloletwa Mei ni pendekezo la mwaka kesho kutwa. Mwongozo wa maandalizi ya mpango na bajeti hutoka kabla ya mwaka kuisha, kisha fungu linaandaliwa na kubishaniwa kuanzia Januari, kamati ya Bunge inapitia, na kuanzia Aprili hadi Juni Bunge linaketi Dodoma kwa bajeti. Wazo lako liwe mezani kufikia Oktoba, likiwa na gharama. Kwa halmashauri, lisipoingia PlanRep, mfumo wao wa mipango na bajeti, halipo, hata kama waziri amelisema mkutanoni.

Miezi ya Bunge sahau likizo. Swali la mbunge likifika, unaandaa jibu la msingi na majibu ya nyongeza. Jibu la msingi ni rahisi, limeulizwa kwa maandishi. Kazi iko kwenye nyongeza: mbunge ameuliza kuhusu ukarabati wa shule moja, atasimama aulize kuhusu walimu wa sayansi wa jimbo zima. Naibu waziri anageuza karatasi yako, na ama namba ipo ama haipo. Andaa majibu ya maswali matano ambayo hayajaulizwa. Piga simu kwa afisa elimu wa wilaya husika usiku uleule, umsalimie vizuri, mwombe radhi kwa saa hiyo, na umuulize jengo limefikia wapi leo. Taarifa ya robo mwaka iliyopita itasema "msingi", na mbunge alipita hapo juzi akaona paa.

Hatua ya nane: rasimu kubwa

Siku itafika utawekwa kwenye timu ya kuandika au kupitia sera yenyewe. Ni kazi ya miaka. Toleo la 2023 lilianza kusukwa 2021 na likazinduliwa 2025. Utakusanya maoni ya wadau kutoka kila upande, na chombo chako kikuu kitakuwa bangokitita: safu ya ibara, safu ya maoni, nani ameyatoa, tumeyakubali au la, na kwa nini. Usiruke safu ya "kwa nini". Miezi minane baadaye askofu, shehe au chama cha walimu watauliza maoni yao yalikwenda wapi, na jibu litakuwa ama kwenye bangokitita ama kwenye jasho lako.

Jambo litakalochukua muda kuliko yote ni lugha ya kufundishia. Kiswahili msingi, Kiingereza sekondari, na mjadala wa zaidi ya nusu karne. Kila mtu ana maoni, na wengi wenye maoni makali watoto wao hawasomi shule unazoziandikia. Sikiliza, andika, usibishane kwenye kikao.

Rasimu ikiiva inageuzwa kuwa Waraka wa Baraza la Mawaziri. Itachambuliwa kwanza na wizara nyingine, ipite Kamati Maalumu ya Makatibu Wakuu chini ya Katibu Mkuu Kiongozi, ndipo ifike kwa mawaziri. Wizara ya Fedha itauliza gharama, Utumishi watauliza ikama, yaani idadi ya watumishi, Mwanasheria Mkuu atauliza sheria ipi inabadilika. Nenda ukawaone mapema, kabla ya kikao, ukiwa na rasimu mkononi. Pingamizi linalotolewa juu ya kikombe cha chai hurekebishwa kwa kalamu. Likitolewa kwenye kikao cha makatibu wakuu, karatasi yako inarudi nyumbani. Na karatasi hizi ni siri. Usipige picha, usitume kwa rafiki "akuangalizie lugha".

Wahisani, kwa kifupi

Miradi kama SEQUIP kwa sekondari na BOOST kwa msingi, kila mmoja dola milioni 500 za Benki ya Dunia, imekuwa ikilipa kwa kufuata matokeo yaliyokubaliwa. Kwa hiyo kiashiria unachokikubali mezani ndicho kitakachotawala kazi ya halmashauri kwa miaka mitano. Ukikubali kiashiria cha idadi ya vyumba, utapata vyumba. Omba muda, soma kiambatisho, usisaini muhtasari wa kikao ambao hukuusoma kwa sababu gari linasubiri.

Hatua ya tisa: kupanda

Unapanda kutoka Daraja la II kwenda la I, kisha Mwandamizi, kisha Mkuu, kwa miaka ya kazi na tathmini. Ukurugenzi ni uteuzi. Kuna kukaimu katikati, wakati mwingine kwa muda mrefu, na watu wamezeeka wakikaimu. Hakikisha barua ya kukaimu ipo, maana posho bila barua ni hadithi.

Jina lako halitaonekana popote. Waraka utasainiwa na mkubwa, hotuba itasomwa na waziri, na siku ikiharibika utaitwa wewe. Kama unahitaji kupigiwa makofi, nenda siasa. Linalokulinda ni jalada: ushauri wako uwe wa maandishi. Ukipewa agizo la mdomo unaloliona haliko sawa, andika dokezo, "Kufuatia maelekezo yako ya leo asubuhi...", kisha weka angalizo lako kwa heshima. Mara nyingi agizo lenyewe litayeyuka likishaona wino.

Ukihamishwa, na utahamishwa, acha hati ya makabidhiano yenye mambo yanayoendelea, tarehe zinazokaribia, na namba za simu za watu wanaojua. Mrithi wako asianze kwa kutafuta bangokitita kwenye kompyuta iliyofutwa.

Na kila mwaka, angalau mara moja, ukiwa safarini kwa jambo lingine, simamisha gari kwenye shule ambayo haikutarajia mgeni. Jitambulishe, saini kitabu cha wageni, kisha mwombe mwalimu mkuu faili lake la nyaraka. Angalia kama waraka wako umo. Mwambie akueleze unasema nini, bila kuusoma. Yale atakayokueleza, hata kama siyo uliyoyaandika, ndiyo yanayotekelezwa pale. Yanakili hivyo hivyo kwenye daftari, na ukirudi ofisini anza rasimu inayofuata kutoka hapo.